Kwa Nani? Makazi ya Wazee katika Mji wa Zanzibar na Maneno Yaliyoyajenga

Mswahili akiulizwa mzee wake anakaa wapi, aghalabu hajibu kwa kutaja mahali. Hujibu kwa kumtaja mtu: anakaa kwa mwanawe, kwa mpwawe, kwa binti fulani. Kihusishi hiki kifupi, kwa, humtanguliza mwenyeji na kuiacha nyumba nyuma, kana kwamba nyumba bila mwenyeji si makazi bali ni kuta tu. Makala haya yanawahusu wale wazee ambao kihusishi hicho hakikupata jina la kukifuata. Watu waliofikia uzee pasipo kuwa na mtu wa kusemwa kwamba wanakaa kwake, na ambao kwa sababu hiyo wengine, mabwana, wakfu, misheni, chama na hatimaye Serikali, walilazimika kuwatafutia paa.

Mji wa Zanzibar tumeuchagua kwa makusudi. Ni mji mdogo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 223,033 katika Wilaya ya Mjini, idadi ambayo ni sawa na ya baadhi ya mitaa mikubwa ya Nairobi. Lakini katika muda wa karne moja na robo mji huu umejaribu karibu kila njia ijulikanayo ya kumhifadhi mzee asiye na kwao. Wanahistoria wa mji huu, nao ni wengi na hodari, wameyaandika majengo yake kwa urefu. Sisi wa idara za lugha tumekaa kimya, ilhali kila njia miongoni mwa hizo ilikuja na neno lake, na neno hilo ndilo lililoamua nani aingie mlangoni na nani abaki nje. Swali tunalolifuata ni moja: mzee hupewa nyumba kwa kuwa ni mtu wa fulani, au kwa kuwa hana kitu, au kwa kuwa ni mzee tu?

Hapana budi tuanze na wakfu, maana ndiyo taasisi kongwe kuliko zote tutakazozitaja. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa, lakini kwa ajili ya wengine tuseme kwamba wakfu ni mali ambayo mwenyewe ameifunga: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Kinachogawiwa ni manufaa yake tu, na wanaogawiwa hutajwa na mweka wakfu mwenyewe. Msimamizi, yaani mutawalli, huitunza mali na kuhakikisha kwamba masharti yamefuatwa. Katika Zanzibar ya karne ya 19 nyumba na viwanja vingi viliwekwa wakfu namna hii. Baadhi ya manufaa yalielekezwa msikitini. Lakini sehemu kubwa ilielekezwa kwa watu, na watu hao walipangwa kwa daraja. Kwanza walikuja watoto na wajukuu wa mweka wakfu. Kisha wakaja mahuru wake, yaani watumwa aliowaacha huru, pamoja na vizazi vyao. Fukara na maskini walikuja mwishoni kabisa, kizazi kikishakatika.

Mpango huu wa daraja wastahili kutazamwa kwa makini. Mzee aliyekuwa mtumwa wa nyumba fulani, akaachwa huru, akazeeka, alikuwa na haki ya kukaa katika chumba cha wakfu. Haki hiyo haikutokana na umaskini wake, ingawa huenda alikuwa maskini kweli. Ilitokana na jina lake kufungamana na jina la bwana au bibi aliyeiweka wakfu hiyo. Norbert Oberauer, katika makala yake ya mwaka 2008 kuhusu wakfu za Zanzibar, ameonyesha kwamba wakfu hizi zilikuwa zikijenga na kulinda uhusiano wa watu wanaojuana zaidi kuliko kumsaidia maskini asiyejulikana. Maskini asiyejulikana, anasema, aliletwa mbele na maafisa wa Kiingereza, waliozitazama wakfu kwa jicho la sadaka za kwao. Kamisheni ya Wakfu iliundwa mwaka 1905 chini ya himaya ya Mwingereza, na sheria yake ikatengenezwa upya mwaka 1916. Tangu hapo ile daraja ya mwisho, fukara na maskini, ilianza kupanda juu, na ile ya mahuru ikaanza kufifia.

Wako watakaosema kuwa hayo yalikuwa maendeleo: heri nyumba imwendee mwenye shida kuliko imwendee mwenye jina. Huenda. Lakini tusisahau kwamba mwenye jina alikuwa akidai, na mwenye shida alikuwa akiomba. Neno maskini, ambalo katika hati ya wakfu lilikuwa sifa ya kisheria ya mtu mwenye fungu lake, lilianza kuwa sifa ya mtu anayehurumiwa.

Wakati huohuo jambo zito zaidi lilikuwa likitokea. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamud bin Muhammed alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba. Amri hiyo haikumwachia mtumwa papo hapo; ilimtaka aende mahakamani aombe uhuru wake, na bwana wake alipwe fidia. Masuria hawakuingizwa, na hoja iliyotolewa ni kwamba hali yao ilikuwa kama ya wake, wenye haki ya kukaa na kulishwa nyumbani. Lakini sharti ambalo kwa mada yetu lina uzito kuliko yote ni lile lililomtaka kila aliyepewa uhuru athibitishe kwamba ana makazi ya kudumu na njia ya kujipatia riziki. Asipoweza, atahesabiwa kuwa mzururaji.

Yaani nyumba iligeuzwa kuwa cheti cha uhuru. Kijana mwenye nguvu angeweza kupata mahali: angekubaliana na mwenye shamba, apalilie mikarafuu, apewe kipande cha kulima muhogo na pa kujenga kibanda. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1980, ameieleza vizuri njia hiyo iliyowageuza watumwa kuwa maskwota. Mzee je? Mzee wa miaka sitini au sabini, ambaye nguvu zake zote zimekwisha katika shamba la mtu, angekubaliana na nani, na kwa kutoa kitu gani? Maafisa wa Kiingereza waliotaka uhuru ucheleweshwe walilijua swali hili na kulitumia. Miongoni mwa hoja zao ilikuwa kwamba mabwana wakinyang'anywa watumwa wao wenye nguvu, watawatupa wale wakongwe. Tukiisoma hoja hiyo leo twaona hila ndani yake, kwa maana huruma juu ya wazee ilitumiwa kuendelea kuwafunga vijana. Hata hivyo wazee wenyewe hawakuwa hila. Wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Walibaki pale walipokuwa, kwa fulani, na kihusishi kile kikaendelea kufanya kazi yake.

Amri ya pili ilitolewa tarehe 9 Juni 1909, na ndiyo iliyomaliza mambo. Masuria waliingizwa, madai ya fidia yakawekewa mwisho wa mwaka 1911, na kwa mara ya kwanza sheria ikamtaja mtu mzima asiyejiweza: mtumwa ambaye kwa uzee au kwa maradhi hawezi kujipatia riziki, na ambaye kwa kuachwa amekosa matunzo ya bwana wake, aliweza kupewa fidia yeye mwenyewe. Hapo Serikali ilikiri kwamba uzee ni deni, na kwamba deni hilo lina mtu wa kulilipa. Ni kifungu kidogo katika sheria ndefu, na sidhani kama kimepewa nafasi inayostahili katika historia ya ustawi wa jamii wa Afrika Mashariki. Kwetu Mombasa na ukanda wote wa Pwani ya Kenya hadhi ya utumwa iliondolewa mwaka 1907, na tatizo la wakongwe lilikuwa lilelile.

Waliotoka kwa mabwana wao walikwenda Ng'ambo. Jina lenyewe lasema: ng'ambo ya pili ya mkono wa bahari ulioutenga mji wa mawe na upande wa nchi kavu. Huko kulikuwa na mila ya makazi ambayo inapatikana katika miji yote ya Waswahili, nayo ni kutenganisha nyumba na kiwanja. Kiwanja ni cha mtu mmoja, nyumba iliyo juu yake ni ya mtu mwingine. Mwenye kiwanja, Mwarabu au Mhindi au wakfu, alimruhusu mtu wake ajenge nyumba ya udongo na makuti, na katika zama za kwanza hakumtoza kitu, au alimtoza heshima tu. Anayeijua Majengo ya Mombasa anaijua mila hii.

Nyumba hiyo ya Ng'ambo ndiyo, kwa maoni yangu, makazi bora ya wazee ambayo mji wa Zanzibar umewahi kuwa nayo, na haikujengwa na serikali yoyote. Umbo lake lajulikana: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma penye jiko na choo. Mwanamke aliyebahatika kujenga nyumba ya vyumba vinne au sita katika ujana wake, kwa fedha za kuuza vitumbua au za kupalilia au za kuimba ngoma, alikuwa amejiwekea akiba ya uzeeni. Yeye alikaa chumba kimoja, akapangisha vilivyobaki. Kodi ilimlisha. Wapangaji walimchotea maji, walimnunulia dawa, na walijua asubuhi ile ambayo mlango wake haukufunguliwa. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001, ametuonyesha wingi wa wanawake waliokuwa wakimiliki nyumba Ng'ambo. Na kwa upande wa Kenya Luise White alionyesha mwaka 1990 jambo la jamii hiyohiyo kuhusu wanawake wa Pumwani, Nairobi. Wengi wa wanawake hawa walikuwa wametoka katika utumwa au walikuwa watoto wa watumwa. Siti binti Saad mwenyewe, aliyezaliwa Fumba na wazazi watumwa, akaja mjini mwaka 1911 na kufariki mwaka 1950, alikuwa mtu wa Ng'ambo hiyo.

Tuangalie vilevile jinsi lugha inavyowataja. Mwanamke huyu hakuitwa maskini, wala hakuitwa mzee asiyejiweza. Aliitwa mwenye nyumba. Uzee wake ulifunikwa na milki yake.

Basi ilipofika miaka ya 1920, wenye viwanja walianza kutoza kodi ya ardhi na kuipandisha, nao watu wa Ng'ambo wakaona kwamba kinachoguswa si mfuko tu. Viwanja vya wakfu vilikuwa miongoni mwa hivyo vilivyotozwa, na hilo liliwachoma watu zaidi, kwani wapo waliokumbuka kwamba mababu zao walikaribishwa hapo bila ya malipo. Mgomo wa kodi ulifikia kilele chake mwaka 1928. Wapangaji walikataa kulipa, wakashtakiwa, na umati ukaenda kuwatoa kwa nguvu waliokamatwa. Serikali iliwaadhibu viongozi, kisha mwaka huohuo ikatunga sheria ya kuzuia kodi ya viwanja isipandishwe ovyo. Kwa kawaida mgomo huu husomwa kama sura ya kwanza ya siasa za ukombozi. Usomaji huo si wa makosa, lakini ni wa vijana. Mzee mwenye nyumba ambaye chakula chake kilitoka katika vyumba vyake, kwake yeye kodi ya kiwanja ilikuwa ni mkono unaoingia katika chungu.

Lakini si kila mzee alikuwa na nyumba, na hapa tunafika Welezo, ambako katika maandishi ya Kiingereza huandikwa Walezo. Mahali hapa pako mashariki ya mji, na katika zama za ukoloni palikuwa nje kabisa, mashambani. Misheni ya Kikatoliki ilikuwa na makao hapo ya maskini na ya wenye ukoma, yakiendeshwa na masista, na Serikali ikitoa fedha. Taasisi hii imeandikwa kidogo, nami sitaki kuihukumu. Masista waliwaosha watu ambao hakuna mwingine aliyetaka kuwagusa. Hata hivyo mambo mawili hayawezi kupitwa. La kwanza ni umbali: wakfu ilimweka mzee katikati ya mji, karibu na msikiti na soko, na Welezo ilimtoa mjini. La pili ni ujirani: mzee, mgonjwa na maskini walikusanywa pamoja chini ya jina moja, kana kwamba uzee nao ni aina ya maradhi.

Mpango huo haukuzaliwa Zanzibar. Ulikuwa ni mwana wa sheria ya maskini ya Uingereza ya mwaka 1834, ambayo iliagiza kwamba nyumba ya maskini iwe na hali duni kuliko ya mfanyakazi wa chini kabisa, ili mtu asiitamani. Nilipokuwa masomoni Uingereza nilikuwa nikipita kila siku mbele ya safu ya vijumba vya matofali vilivyojengewa wazee wa parokia zamani, vyenye bustani ndogo na kibao cha mawe juu ya mlango kinachomtaja tajiri aliyetoa fedha. Nikadhani kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa makazi ya wazee wa nchi ile. Baadaye nilifahamu kwamba vijumba hivyo viliwatosha wachache wenye bahati na wenye sifa njema. Waliobaki walikwenda nyumba ya maskini, mume akitengwa na mkewe.

Tarehe 1 Januari 1909 Uingereza ilianza kuwalipa wazee wake pensheni ya Serikali: shilingi 5 kwa wiki kwa mwenye umri wa miaka 70 na zaidi ambaye kipato chake ni kidogo na mwenendo wake haukutiliwa shaka. Waliokuwa wakitunzwa kwa fedha za maskini walinyimwa hapo mwanzoni. Msomaji ataona kwamba mwaka ni uleule wa amri ya pili ya Zanzibar. Katika miezi sita dola moja ilisema maneno mawili juu ya uzee. Kwa mzee wa London ilisema: kwa kuwa umefika miaka 70. Kwa mzee wa Unguja ilisema: kwa kuwa bwana wako amekuacha.

Mpango wa maendeleo wa mwaka 1946, ulioiachia Ng'ambo jumba la Raha Leo, hauna mengi kwa hadithi yetu. Tuvuke mpaka Mapinduzi.

Baada ya tarehe 12 Januari 1964 ardhi yote iliwekwa mikononi mwa Serikali, na kodi ya kiwanja, ile iliyoleta mgomo wa 1928, ikafa kwa mkato mmoja wa kalamu. Rais Abeid Amani Karume, ambaye alitawala mpaka alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, aliyafanya makazi kuwa kipimo cha Mapinduzi yenyewe. Makao ya wazee ya Sebleni, ndani ya Ng'ambo, ni ya zama hizo. Makao ya Welezo nayo yakawa ya Serikali, na Pemba ikapata ya kwake Limbani, Wete. Mzee alipewa chumba, chakula na matibabu bila ya malipo, na hakuulizwa dini yake. Sikio la Mswahili husikia katika jina Sebleni neno sebule, yaani chumba cha mbele cha kupokelea wageni. Na kwa hakika kuyaleta makao ya wazee ndani ya mitaa, badala ya kuyaficha mashambani, kulikuwa ni kuwatoa wazee uani na kuwaweka sebuleni. Hilo ni jambo ambalo wapinzani wa serikali ile, na walikuwa na mengi ya haki ya kuipinga, hawakuwahi kulikanusha.

Nani aliingia? Twajua ni aibu kubwa katika mila za Visiwani mtu kumpeleka mzazi wake makaoni. Kwa hiyo makao hayo hayakuwa ya wazee kwa jumla. Yalikuwa ya wazee wasio na ukoo wa kuona aibu. Aghalabu huyo alikuwa mtu wa kuja. Tangu mwanzo wa karne ya 20 bandari na mashamba ya mikarafuu yaliwavuta vijana wa kutoka Bara, kutoka Tanganyika na mbali zaidi. Walichukua mizigo, walichuma karafuu, wengine walirudi kwao na wengine hawakurudi. Methali yetu husema mcheza kwao hutunzwa, na kitenzi kutunza kina maana mbili, kumpa mchezaji tuzo na kumlea mtu. Hamali aliyezeekea Zanzibar alicheza maisha yake yote ugenini. Sebleni ilimpa, kwa mara ya kwanza, jina la kuweka baada ya kwa: kwa Serikali.

Katika lugha ya watawala wapya neno maskini liliachwa, maana Mapinduzi yalikuwa yamefanywa na maskini na haingefaa kuwapa jina la kuombea. Mahali pake pakakaa wazee wasiojiweza. Tulichambue kidogo umbo hili. Kitenzi ni weza; kirejeshi -ji- kinakirudisha kwa mtendaji mwenyewe; kikanushi -si- kinakikataa; -o- ya urejeshi inakigeuza kuwa sifa ya kudumu. Upungufu wote umewekwa ndani ya mzee. Hakuna nafasi katika neno hilo ya kumtaja bwana aliyemtumia, wala mwajiri wa bandarini aliyemlipa kwa siku, wala mwana aliyesafiri. Maskini wa hati ya wakfu alikuwa na fungu. Mzee asiyejiweza ana upungufu. Na kwa kuwa sifa hii ni ya upungufu, mtu hana budi aithibitishe kabla ya kupokewa, jambo ambalo huyo mwenye nyumba wa Ng'ambo hakulazimika kulifanya hata siku moja.

Yeye naye yalimfika. Mpango mkubwa wa makazi wa Karume haukuwa Sebleni bali nyumba za maendeleo: majumba ya ghorofa yaliyoanzia Kikwajuni na Kilimani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na kufikia ukubwa wake Michenzani, ambako majengo marefu mno yamepangwa kwa umbo la msalaba kwenye njia panda. Ili yapite, nyumba za udongo zilibomolewa kwa mamia, na wenyewe wakapewa fleti bure. Garth Myers, katika kitabu cha mwaka 2003, ameandika jinsi majengo hayo yalivyoondoa baraza na ua, na pamoja navyo maisha yaliyofanyika humo. Mimi naongeza jambo moja. Bibi aliyekuwa na nyumba ya vyumba sita, akapewa fleti badala yake, kwa hesabu ya mpimaji alikuwa amefaidika: alipewa saruji mahali pa udongo, maji ya bomba mahali pa kisima, choo cha ndani mahali pa shimo. Lakini vyumba vya kupangisha hakupewa. Hakuna mpimaji aliyeandika katika daftari lake kwamba nyumba ile ilikuwa pia ni pensheni. Akawa sasa na ngazi za kupanda, tena pasipo lifti, na akangojea fedha kwa mwanawe. Kwa nia njema kabisa, mwenye nyumba alikaribishwa katika daraja la wasiojiweza.

Nimewahi kujibiwa na mwenzangu mmoja kwamba ninaipamba nyumba ya udongo kwa kuwa sikulala ndani yake mvua ya masika ikinyesha. Ni kweli, na mvua ile sipendi kuisahau. Sidai kwamba Ng'ambo ingeachwa kama ilivyokuwa. Ninachodai ni kwamba neno maendeleo lilitazama nyumba likaona kuta na paa, na halikuona uhusiano wa mwenye nyumba na wapangaji wake, uhusiano ambao katika lugha ya watu wenyewe ndio ulioitwa nyumba.

Wakfu nazo hazikutoweka. Kamisheni ilibaki, na tangu sheria ya mwaka 2007 inaitwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, ziko nyumba za wakfu ambazo wapangaji wake hulipa kodi ndogo sana. Kodi ndogo ndiyo rehema yake na ndiyo maangamizi yake, kwa kuwa haitoshi kulipia chokaa na boriti. Nyumba inayomhifadhi mzee leo inamwangukia kesho. Sheria ya wakfu imekataza kuiuza na haikuweza kukataza mvua.

Mnamo Aprili 2016, wakati wa Rais Ali Mohamed Shein, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 za Tanzania kila mwezi. Wakati huo hizo zilikuwa takriban dola 9. Katika muhula wa kwanza wa Rais Hussein Mwinyi, ulioanza mwaka 2020, kiwango kilipandishwa hadi shilingi 50,000. Zanzibar ilikuwa ya kwanza katika Afrika Mashariki kuwa na pensheni ya namna hii, inayolipwa kwa fedha za Serikali yenyewe na isiyochagua kati ya tajiri na maskini. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, nako kwa umri uleule wa miaka 70. Ni umri ambao wazee wa Uingereza waliwekewa mwaka 1909, na kutoka siku ile ya Januari hadi Aprili 2016 ni miaka 107.

Jina la malipo haya ni Pensheni Jamii. Nimelitafakari sana jina hilo. Pensheni ni neno la mtumishi: aliyeajiriwa akastaafu akalipwa. Kuliunganisha na jamii ni kusema kwamba aliyepalilia mikarafuu, aliyelea wajukuu, aliyechukua mizigo bandarini, aliyepangisha vyumba Ng'ambo, wote walikuwa katika ajira, na mwajiri alikuwa jamii nzima. Sharti ni umri na ukaazi tu. Mzee haulizwi ni mtu wa nani, na haulizwi kama anajiweza. Neno wazee, baada ya safari ya miaka mia na zaidi kupitia mahuru, maskini na wasiojiweza, limeachwa kusimama peke yake bila ya kivumishi.

Fedha hizo hazijengi nyumba, na wala hazikukusudiwa kujenga. Lakini zinakwenda na mzee popote alipo: ghorofani Michenzani, katika chumba cha wakfu chenye boriti iliyopinda, au kwa mwanawe Mwembetanga. Na huko kwa mwanawe, siku ya malipo, mzee anaweza kumtuma mjukuu dukani kwa fedha yake mwenyewe, akamwambia arudi na chenji.